Mawe ya Judy

Gitonga alikuwa ameuza mawe ya kujengea hapa Kitengela kwa miaka ishirini na miwili, na jambo moja alilijua barabara: jiwe chafu halinunuliwi. Ndiyo maana, siku ya Ijumaa hospitali ilipompigia simu kwamba binti yake Judy ataruhusiwa kurudi nyumbani Jumatano, jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye tangi la samaki pale sebuleni.

Lilikuwa tangi la Judy, la maji ya chumvi, na ndani yake samaki watatu wa baharini na rundo la mawe yaliyoota utelezi wa kahawia. Tangu figo zianze kumsumbua, Judy aliacha kazi, na marafiki nao wakamwacha. Mchana kutwa alikuwa akiwatazama hao samaki. Alipokuwa akipelekwa hospitali alimwambia baba yake neno moja tu: "Nikirudi niwapate."

Basi Gitonga akawahamishia samaki kwenye ndoo, akatoa mawe na sponji ya mashine ya kuchuja maji, akavisugua kwa brashi na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mawe yakawa meupe kama mfupa. Akayasuuza mara nne. Maji hakutumia ya kisima, maana ya Kitengela anayajua yalivyo na madini. Alinunua safi ya dukani, akayachanganya na chumvi ya Judy kama alivyofunzwa. Alipomaliza akawarudisha samaki, akamwita jirani yake Kamene aje aone.

"Hiyo sasa ni nyumba," Kamene akasema. "Hata mimi naweza hamia."

"Wewe hutoshei."

Jumapili alipotoka kanisani aliwakuta samaki wote watatu juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Akampigia Nzula, mama mwenye duka la samaki wa mapambo mjini. Nzula akaja na chupa zake za kupimia, akachota maji kidogo, akadondosha dawa, wakangoja. Yale maji yakageuka kijani.

"Yangebaki manjano tungekuwa sawa," Nzula akasema. "Baba Judy, haya mawe umeyafanyia nini?"

"Nimeyaosha."

"Na nini?"

Akamwambia. Nzula akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Umeyaua, mzee."

"Jiwe linauawaje?"

"Ule utelezi ulikuwa na vijidudu. Samaki akijisaidia, majini kunatokea sumu, inaitwa amonia. Vijidudu ndio huimaliza. Sasa hakuna wa kuimaliza. Inawachoma mashavu wanayopumulia, inaingia kwa damu."

Daktari alikuwa amemweleza Gitonga habari za Judy kwa maneno karibu hayo hayo: figo zikikataa, uchafu unabaki kwenye damu. Siku hiyo aliuliza dawa ni gani. Leo pia aliuliza.

"Tubadilishe nusu ya maji sasa hivi, na kesho tena. Usiwape chakula hata punje. Halafu utafute jiwe ambalo bado liko hai. Rongai kuna mwalimu anaitwa Ochola, ako na tangi la miaka mingi."

Gitonga aliwasha pikapu mchana huo huo. Ochola akampa jiwe moja ndani ya ndoo ya maji.

"Usilioshe," akamwambia.

"Nimeshasikia."

Aliporudi, samaki mmoja alikuwa amekufa, amelala ubavu ndani ya tangi. Akalitia lile jiwe. Jumatatu akabadilisha maji, akapima, bado kijani. Wa pili akafa kabla ya saa sita. Jioni Judy akapiga simu.

"Samaki wako aje, baba?"

"Wako."

Jumanne akafa wa tatu. Nzula alipoambiwa akashauri, "Nikuletee wengine kama hao. Hatajua."

"Mimi nitajua."

Jumatano asubuhi Gitonga alipima tena, bila sababu yoyote. Maji yakatoka manjano safi.

Judy alishuka garini polepole, amekonda, mkono wake umefungwa bandeji. Gitonga alitaka kumwambia kabla hajaingia, lakini msichana alikuwa tayari mlangoni. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye tangi.

"Wote?"

"Wote. Niliyaosha mawe."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unarudi."

Judy akaweka kiganja chake kwenye kioo. "Walihema?"

Gitonga angeweza kusema hapana.

"Walihema."

"Siku ngapi?"

"Jumapili hadi jana."

"Na Jumatatu uliniambia wako."

"Ndiyo."

Judy hakulia, na hilo ndilo lililomuumiza mzee zaidi. Aliomba maji ya kunywa, akakumbuka kwamba kipimo cha maji alichowekewa na daktari kwa leo ameshakimaliza, akasema basi. Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Gitonga akabaki sebuleni na mfuko wa dawa za Judy mkononi, hajui auweke wapi.