Ukurasa wa Jumanne

"Andika accident," Gerishon akasema, akimsukumia Lazarus kitabu. "Alafu utoe hiyo page ya Jumanne, uichome."

Lazarus alikuwa soja, mlinzi wa jengo hilo la Hurlingham lisilokwisha kujengwa, tangu 2004, geti likiwa bado la mabati. Kazi yake ilikuwa kuandika kitabuni humo kila kinachotokea: lori la mchanga limeingia, mvua imenyesha, mgeni ametoka. Jumanne aliandika kwamba mbao za jukwaa wanalosimamia mafundi ghorofa ya tatu zimepasuka, na foroman ameambiwa. Foroman, msimamizi wa mafundi, ndiye huyu Gerishon. Alhamisi mbao zikakatika na Bramwel akaanguka nazo. Sasa fundi wa watu amelazwa, miguu haihisi kitu, na mkewe Rael anakuja saa sita kujisomea kitabu mwenyewe.

Lazarus ana ugonjwa wake: haandiki neno asilolijua. Aliingia kibandani kwake akafungua kamusi kuukuu aliyoinunua River Road, pale wanapotandaza vitabu chini. Accident, kamusi ilisema, ni mtoto wa neno la Kilatini la kuanguka. Nalo ajali, soja mwenzake wa zamani, Mwislamu wa Garissa, alimwambia kwamba kwa Kiarabu ni siku aliyopangiwa mtu. Haya basi. Mzungu anasema kimeanguka, Mwarabu anasema siku imefika. Hakuna hata mmoja aliyetaja mbao, wala foroman.

Alipotoka, Gerishon alimweleza taratibu, bila ubaya, kwamba hata yeye ana watoto, kwamba ajali haina kinga, na kwamba kibanda ni cha kampuni.

"Kama haina kinga, mimi mliniandika nikinge nini?" Lazarus akauliza.

Gerishon aligeuza shingo. Alitazama kibanda tu, na kutazama kulitosha.

Lazarus aliogopa, tena sana. Godoro lao lilikuwa mle ndani, na jiko, na mkewe Millicent, ambaye wakati huo alikuwa akianika nguo kwenye vyuma vilivyochomoza nguzoni, akiwasikia. Wangehamia wapi? Geti alilifunga yeye mwenyewe kila jioni, lakini siku hiyo alihisi kama amefungiwa na mtu mwingine. Akaandika accident. Akauchana ukurasa wa Jumanne kwenye mshono, karatasi pacha ikabaki bila uzi, na Gerishon alipogeuka kupokea simu, akaukunja akautia mfukoni.

Rael alikuja saa sita, viatu vimejaa vumbi. Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofungua mbele kidogo, ukurasa mtupu ukachomoka, ukaanguka miguuni pake. Akauokota. Akautazama upande wa mshono, pale uzi ulipokatika.

"Ndugu," akamwambia Lazarus, "hii ilikuwa imeshikana na page gani?"

Gerishon alikuwa amesimama hapo hapo, simu mkononi. Lazarus akaingiza mkono mfukoni, karatasi ikamgusa vidole. Akamtafuta Millicent kwa macho.

Millicent alikuwa ameshaanza kuanua nguo. Zilikuwa bado zinachuruzika maji.