Mtungi Namba Kumi na Saba

1.

TANGAZO KWA WOTE WALIOMO CHOMBONI

Kila mpiga mbizi atapima mtungi wake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Ataandika kwenye utepe asilimia ya oksijeni, kina asichopaswa kukipita, tarehe na herufi za jina lake. Kisha atatia saini daftarini.

Hakuna kumpimia mwenzako.

Hata mume na mke.


2.

Aliyeliandika tangazo hilo ni Zuwena Faki, fundi wa hewa wa chombo cha safari za kupiga mbizi kiitwacho Zinduna, Mpemba, miaka minane kazini. Alilitia plastiki lisilowe, akalibandika juu ya safu ya mitungi. Lishike hilo, msomaji, maana wapo watakaokuja kukwambia masikini hakujua.


3.

Kwa ambaye hajawahi kushuka:

Hewa hii tunayoivuta mimi na wewe ina oksijeni asilimia ishirini na moja. Iliyobaki karibu yote ni naitrojeni, nayo ukiwa chini ya maji hukuingia mwilini na kutoka haitaki haraka. Anayepiga mbizi mara moja akaenda zake nyumbani hana shida kubwa. Wa mara tatu kwa siku, siku sita mfululizo, anajilimbikizia, na ikizidi humpoozesha. Ndiyo maana mitungi ya Zinduna hujazwa hewa iliyozidishwa oksijeni mpaka thelathini na mbili.

Kompyuta ya mkononi unaiambia: thelathini na mbili. Nayo inakuhesabia dakika zako za kukaa chini.

Kompyuta haionji hewa. Inaamini ulichoiambia.


4.

DAFTARI. Siku ya nne, mbizi ya tatu.

Mtungi 13 ..... 31.9
Mtungi 14 ..... 32.0
Mtungi 15 ..... 32.2
Mtungi 16 ..... 32.0
Mtungi 17 ..... 32

Itazame vizuri hiyo ya mwisho. Kipimo huandika mpaka nukta na tarakimu yake. Binadamu ndiye huandika thelathini na mbili kavu.

Wachunguzi walilipitia daftari mara tatu, na hilo hawakuliona.


5.

Shaame Kombo ndiye aliyekuwa akiwaongoza wageni chini. Baina ya mbizi ya pili na ya tatu huingia adhuhuri, na yeye na Zuwena hawawezi kuondoka pamoja kwenye mitungi, basi wakawa wanapokezana. Shaame akienda mbele kuswali, Zuwena humpimia mtungi wake na kumwekea S.K. Siku Zuwena anaposhuka na wageni, hufanyiwa vivyo hivyo.

Hawakulipanga. Lilijizoesha tu, kama watu wa nyumba moja wanavyoachiana ufunguo. Shaame alikuwa akimtania kwamba tangazo lake ni la Wazungu, wao wawili halikuwataja.

Zuwena alikuwa akicheka.


6.

Siku ya nne.

Alikuwapo mgeni mmoja mzee asiye na cheti cha hewa ile, kwa hiyo mtungi wake ulijazwa hewa ya kawaida. Bahari ikamchafua, akalala. Mtu akaurudisha mtungi wake kwenye safu, na mitungi yote ya Zinduna ina rangi moja.

Shaame alikuwa kwenye swala. Mgeni mwingine alikuwa akilalamika mkanda wa miwani yake umekatika, mwenzake anauliza kama papa wapo. Kipimo kilikuwa mkononi mwa Zuwena. Tangu asubuhi kimesoma thelathini na mbili, thelathini na mbili, thelathini na mbili. Akautazama mtungi wa kumi na saba, wa Shaame. Akachukua kalamu.


Hakupima.


7.

Shaame alipanda juu anacheka. Akavua mapezi, akasema mgongo umemkaza kidogo, uzee huo unabisha hodi. Akaomba chai. Chai ilipofika akataka kuinuka aipokee, na miguu

8.

TAARIFA YA TUKIO (sehemu)

Mhusika alipewa oksijeni papo hapo, akapelekwa kwa boti ya kasi kwenye chumba cha shinikizo. Ametibiwa humo mara saba. Mikono imerejea. Hali ya miguu: hakuna mabadiliko.

Mtungi aliotumia umepimwa baadaye: asilimia 21.
Kipimo cha chombo kimekaguliwa: kizima.
Mhusika anakiri kwamba alipima mtungi mwenyewe.


9.

Anakiri.

Soma tena, msomaji. Zuwena alilisoma akiwa amesimama ofisini. Shaame, mtu asiyejua kudanganya hata kwenye karata, amewaambia wakubwa kwamba kwenye swala alikwenda baadaye, na mtungi aliupima kwa mkono wake.


10.

HITIMISHO

Uzembe wa mhusika. Cheti chake cha uongozi kimefutwa. Shahidi, Bi Zuwena Faki, atie saini hapa kuthibitisha:

..............................


11.

(Wanawake wawili, nje ya nyumba ya Shaame. Zuwena anawasikia anapovua viatu.)

— Miaka yote hiyo anawafundisha watu, mwenyewe kashindwa kusoma namba?
— Kiburi hicho, mwenzangu. Kajiona samaki.


12.

Raya, mke wa Shaame, alimkaribisha kwa mikono miwili. Akamtandikia mkeka, akasema amekonda, akaenda jikoni kumpakulia. Ukarimu ule ulimuuma Zuwena kuliko tusi. Angetukanwa, angepumua.

Shaame alikuwa amelazwa ubavu, mto katikati ya magoti. Aliuliza habari za chombo, na nani anaongoza wageni siku hizi. Zuwena alijibu kila kitu. Karatasi ya kutia saini ilikuwa mkobani mwake, na alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa tangu gatini.

Shaame ndiye aliyeanza. Alisema asijitie unyonge, walikuwa wanapimiana wote wawili, na sheria ingewachukua wote wawili. Yeye miguu imeshakwenda, ya nini na mwenziwe apoteze kazi? Atie saini, mambo yaishe.

Akavuta shuka mpaka kifuani.

“Lakini kitu kimoja kinanitesa,” akasema. “Kipimo wanasema kizima. Wewe mie nakujua, hukosei. Basi nalala hapa nawaza, labda mie ndiye niliyebeba mtungi wa mtu. Labda kweli ni uzembe wangu.”


13.

Ungelijibuje wewe?

Usinijibu haraka.


14.

Raya alikuwa amefika mlangoni na sinia. Alipomsikia mumewe, hakuingia.

“Sitamwambia mtu,” Shaame akasema. “Nataka nijue tu. Siku ile kilisoma ngapi?”

Zuwena aliuangalia mguu wake uliojitokeza nje ya shuka. Nzi alikuwa ametua kwenye kidole gumba, anatembea, na Shaame hana habari. Akamfukuza.

“Shaame,” akasema, “siku ile mie sikupima.”