Ua la Tano

Daktari alimruhusu mzee Tokuji kutoka hospitali siku moja tu, naye hakuhitaji kufikiri: aliitaka siku ambayo mcheri wa shule ya mtaani kwake utachanua. Miaka kumi na moja alikuwa akihesabu maua ya mti huo kwa kanuni ya kwao, kwamba mpaka maua matano yafunguke ndipo uitwe umechanua, na kuandika tarehe daftarini. Basi akamuuliza bintiye Chizuru, aliyetabiri siku za maua kuchanua katika ofisi ya hali ya hewa.

"Tarehe nne Aprili, baba. Ikizidi sana, siku moja mbele au nyuma."

Kesho yake kazini Chizuru aliipitia tena hesabu, akaona kosa. Ile siku moja ya shaka aliyoiweka ilikuwa ya hali ya hewa tu. Kiasi cha joto ambacho mti unahitaji alikichukulia kuwa cha hakika, ilhali ni yeye mwenyewe aliyekikadiria, kwa tarehe za baba yake. Tarehe za miaka kumi na moja tu, basi! Alipoiingiza na shaka hiyo, siku moja mbele au nyuma ikawa tano.

Alirudi hospitali kichwa chini. "Baba, nilijitia kujua. Ni kati ya thelathini Machi na tisa Aprili."

"Ee! Hivyo hata mimi ningetabiri, tena bila kusomeshwa!" Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akamshika mkono. "Nne ndiyo ya katikati, sivyo? Twende hiyohiyo."

Tarehe nne Chizuru alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi chini ya mti. Wakahesabu maua manne. Wakazunguka upande wa pili, matumba matupu.

"Hili limeshaanza kufunguka, baba. Tuliite la tano."

"Thubutu! Nikuandikie uongo, mwakani ukosee kwa ajili yangu?"

Akaandika: manne, bado. Chizuru aliangua kilio. Baba alikuwa na siku moja, na yeye ndiye aliyempotezea.

"Unalia nini, mama? Manne si nimeyaona?" Akampa daftari na penseli. "Kesho uje wewe."

Kesho yake maua yalikuwa tisa. Chizuru aliandika tarehe chini ya mwandiko wa baba yake, akakimbilia hospitali. Mzee alipitisha kidole juu ya tarehe zote, polepole, mpaka kwenye ile ya binti yake.

"Zimekuwa kumi na mbili sasa," alisema. "Mwakani utakosea kidogo kuliko mwaka huu."