Mbogo wa Kwaraa

Vailet alikubali kupanda Kwaraa kwa sababu shemeji yake Leonard alimwapia kwamba mlima ule hata mjamzito anaupanda. Alikuwa amekuja Babati kumwona dada yake Brigita, mke wa Leonard, na siku tatu nzima alikuwa nyumbani kwao Nakwa, kijiji kilicho chini ya mlima, akimsaidia kuchuja pombe ya mtama ambayo Brigita huwauzia wageni wanaoshuka mlimani.

"Nenda ukapate hewa," Brigita alimwambia. "Ukirudi nitakuwekea ya kwanza, kabla wateja hawajaigusa."

Na kweli njia ilikuwa nyepesi. Leonard, aliyewaongoza wageni huko kwa miaka kumi na mmoja, alitangulia akichechemea kidogo kwa sababu ya goti, akimwonesha ziwa na mabati ya mji yaking'aa kule chini. Kwenye saa nne ukungu ukashuka msituni, na ziwa na mji vikapotea.

Ndipo Vailet aliposikia pumzi nzito, kama mtu anayepenga kamasi.

Leonard alisimama. Hakugeuka. "Shemeji," alinong'ona, "huo mti kushoto kwako. Panda. Usikimbie, panda tu."

"Kuna nini?"

"Mbogo. Panda!"

Tangu alipomaliza shule ya msingi hakuwa amepanda mti. Alipanda, magoti yakichubuka, sketi ikichanika. Alipofika kwenye tawi akatazama chini, akitegemea kumwona Leonard akimfuata. Leonard alikuwa ameshika shina kwa mikono miwili, mguu mmoja juu, na goti lilikataa kukunjika. Akajaribu tena. Akaachia.

Mbogo akatokea kwenye ukungu, mweusi, peke yake, pembe zimejaa tope.

Leonard akajilaza kifudifudi, akajibana ardhini, mikono kichwani.

Vailet alitaka kupiga kelele lakini sauti haikutoka. Mbogo alifika, akamnusa Leonard mgongoni, akainamisha pembe amnyanyue. Pembe haikupata pa kushika. Ikararua shati na kumkokota kama gunia. Leonard hakutoa sauti. Mbogo akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa tena.

Hapo Vailet akapata sauti. Alipiga yowe ambalo hakujua analo, akavunja tawi kavu na kulirusha upande wa pili wa njia, kisha akavua kiatu akakirusha hukohuko, kisha cha pili. Mbogo akageuza kichwa. Akasikiliza. Kwa muda ambao Vailet aliuona kama mchana mzima, mnyama alisimama katikati ya njia akipumua. Mwishowe akaingia vichakani, matawi yakivunjika mbali zaidi na zaidi.

Walishuka, Vailet miguu mitupu, kila jani likitikisika anashtuka na kumshika Leonard mkono. Mgongo wa Leonard ulikuwa na mkwaruzo mrefu unaochuruzika damu. Karibu na mashamba ya mahindi alijifunga sweta la Vailet mabegani, lifunike shati.

"Brigita asijue," alisema. "Atanikataza mlima, na mimi kazi nyingine siijui."

Nyumbani Brigita aliwapokea kwa kicheko na vikombe viwili vya pombe, povu juu. "Mlima umewapokeaje?"

"Mwepesi tu," Leonard alijibu, akanywa.

Vailet alikiweka kikombe chini bila kuonja. Alipofumba macho aliona pembe zikiinama mara ya pili. Akamwazia Leonard Jumamosi ijayo akiongoza tena, goti lilelile, na mgeni ambaye huenda asipate sauti ya kupiga yowe.

"Dada," alisema, "mvue mumeo hilo sweta."

Leonard alimtazama kwa hasira, halafu akainamisha macho. Brigita akaweka mtungi chini, akamwendea mumewe, akalivuta sweta taratibu. Aliutazama mkwaruzo tangu begani hadi kiunoni. Kisha akamwambia Vailet achemshe maji ya kuoshea kidonda.