Shumizi ya Mama Mkwe

Siku Thierry alipochagua shumizi ya kulalia ya mama mkwe wake, nyumba ya Baba Rémy pale Kalundu ilinyamaza hata ungeweza kuwasikia ndagala wakikauka juani.

Divine, binti wa nyumba hiyo, peke yake ndiye aliyejua asili ya msiba huo. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista, alikojifunza sala nyingi na uchokozi zaidi. Shangazi yake Generose, aliyeko Bukavu, alikuwa ameanzisha orodha ya zawadi kwenye intaneti, kwa kuwa Bonane iliyopita, sikukuu ya mwaka mpya, mama yake Divine, Mama Blandine, aliletewa termosi nne na watu wanne wasioambizana. Sasa kila mmoja aliandika anachotamani. Aliyetaka kukinunua aligusa neno "Nachukua", na simu za ukoo mzima zikalia.

Divine alijiandikia ekuteri za kusikilizia muziki. Mama, asiyependa kuhangaika na simu, alimtuma amwandikie kitenge. Divine alikiandika, kisha kwa heshima zote akakifuta na kuweka: "Shumizi ya kulalia, nyekundu, nyepesi." Alitaka tu kumsikia shangazi Generose akipiga kelele kutoka Bukavu bila kutumia simu.

Kumbe aliyetangulia kuiona alikuwa Thierry, mchumba wa dada yake Noella, aliyeingizwa kwenye orodha majuzi tu. Mkwe! Mtu ambaye akiingia kwa mlango wa mbele, Mama hupita nyuma ya nyumba wasije wakatazamana.

Baba Rémy alisoma simu polepole, kama anayesoma tangazo la kifo. "Thierry... amechukua... shumizi ya kulalia... ya Mama Blandine."

Mwiko wa kusongea bukari ulimwanguka Mama mkononi.

"Yesu na Maria!" Mama alijifunika uso kwa nguo. "Yule mutoto anataka kunivalisha shumizi, minye mama mukwe wake?"

"Ile haiko mutoto. Iko muntu bila haya," Baba alisema. "Ng'ombe zake za mahari zirudi kwao Katogota leo leo. Ndoa imekufa."

Noella alimshika baba yake mkono. "Baba, tafadhali. Thierry haiko vile."

Kicheko alichokuwa amekiweka akiba Divine tangu asubuhi kilimwishia. Alifungua orodha haraka arudishe kitenge. Orodha ilikataa: kilichokwisha kuchukuliwa hakibadilishwi. Aligeuka aungame, lakini Baba alifoka saa nzima bila kupumua. Mwishowe pikipiki ilisimama nje, na Thierry akashuka, bado yuko katika sare yake ya forodha ya Kavimvira, amekumbatia paketi iliyofungwa kwa utepe.

Mama alikimbilia chumbani, akapiga komeo.

"Usiingie nayo!" Baba alijaza mlango. "Kwenu Katogota, mukwe ananunuliaka mama mukwe nguo ya kulalia?"

"Hapana, Baba. Ninaomba..."

"Basi utuombe tukurudishie ng'ombe zako!"

Noella alitoa kilio kidogo, kama cha mtu aliyechomwa mwiba. Divine hakuwahi kukisikia kwa dada yake.

"Ni minye!" alisema Divine. "Mama aliomba kitenge. Shumizi niliandika minye, kwa kucheka tu."

Hakuna aliyecheka. Baba alimgeukia taratibu, macho yamemtoka. Thierry alitazama viatu vyake.

"Baba, minye pia nilishituka," alisema. "Jasho ilinitoka mbele ya mizigo ya watu. Nikafikiri, Mama amekosea, ameandika siri yake mahali watu bote banaona. Nikasema nikiichukua mbio, itafutika, hakuna mwingine atamucheka. Sikujua inaitisha simu zote."

"Na mu ile paketi iko nini?"

"Kitenge, Baba. Shumizi ningeinunua namna gani, minye?"

Baba alirudi nyuma hatua moja kama aliyesukumwa. Alimtazama Thierry, akaitazama paketi, kisha akasogea kumpisha.

Komeo likalia. Mlango wa chumbani ulifunguka upana wa kidole, sauti ya Mama ikatoka bila uso wake.

"Noella! Umwambie mukwe wangu aksanti. Umwambie amenifunika. Halafu kuja na simu, uniandikie kitu."

Noella aliingia, akakaa huko kitambo. Divine alifungua orodha tena. Akasoma. Zilipokuwa ekuteri zake, pameandikwa: "Divine: jembe moja, jipya."

Bado hajamaliza kushtuka, simu zote zikalia: jembe limechukuliwa. Thierry alikuwa anarudisha yake mfukoni, kwa adabu kubwa.

"Shemeji," alisema, "mama yangu kule Katogota iko na shamba ya mihogo. Na likizo ingali ndefu."