Chai ya Mkataba

Titus alikuja kuiokoa shule ya kijiji chetu cha kwa Nehemiah akiwa amevaa viatu vyeupe. Ulikuwa msimu wa mvua, trekta za miwa zilikuwa zimeikoroga barabara ya kutoka Butali mpaka ikawa uji, na mwokozi wetu alibaki ndani ya gari akipiga honi hadi mwenyekiti wa wazazi, Osundwa, alipomtandazia magunia kutoka langoni hadi mlangoni mwa ofisi. Wazazi waliokuwa wakipita walicheka kwa pua. Osundwa hakucheka. Alikuwa amevaa fulana mpya ya njano iliyoandikwa mgongoni KILA MTOTO ATANG'AA, na mtu aliyevishwa na mgeni hawezi kumcheka mgeni huyo akiteleza.

Sheria ya shule za mkataba ilikuwa mpya, na wengi tuliijua kwa kusikia redioni tu. Kwa ufupi ilisema kwamba shule ya umma inaweza kukabidhiwa kampuni iiendeshe. Ardhi ingebaki ya umma, madarasa yangebaki ya umma, na kodi ya kulipia yote hayo ingetoka mifukoni mwa umma kama kawaida. Kampuni ingechukua kitu kimoja kidogo tu: kuamua nani afundishe, afundishe nini, na mtoto yupi anafaa kufundishwa. Sharti lilikuwa wazazi wakubali katika mkutano wa hadhara kwa kupanga foleni mbili, wanaotaka upande mmoja na wasiotaka upande wa pili. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na watoto wanaosoma kwingine, kwa hiyo iliwapendeza sana.

Zuena, muuza samaki wa kukaanga pale sokoni Butali, alianza kuielewa sheria hiyo siku Titus, mtu wa kampuni iliyoitaka shule yetu, alipompima binti yake.

Hadijah alikuwa na miaka saba na hakusikia. Homa ilikuwa imempitia akiwa mchanga, ikamwachia kila kitu isipokuwa masikio. Shule mbili zilikuwa zimemkataa kwa upole. Mwalimu Milcah wa kwa Nehemiah alimpokea, na kwa kuwa hakujua lugha ya ishara, akaanza kwenda mjini Kakamega kila Jumapili, kwenye kanisa moja ambako viziwi husali pamoja, kujifunza. Alichojifunza Jumapili alikifundisha darasa zima Jumatatu. Sasa darasa lile lilikuwa na kelele za mikono. Watoto waliibiana majibu kwa vidole huku wameziba midomo, na Hadijah ndiye aliyekuwa mwizi mkuu.

Siku ya kupimwa, Zuena alikuwa amepeleka uji shuleni akamkuta Titus ameketi mbele ya mtoto, tableti mapajani.

"Nitajie vitu vitatu vinavyopatikana sokoni," Titus alisoma.

Hadijah akamtazama mdomo.

Titus akasoma tena. Halafu akasoma kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Hasikii," Mwalimu Milcah akasema.

"Mwalimu, tafadhali usimsaidie."

"Simsaidii. Nakuambia tu hasikii. Niruhusu nimuulize kwa mikono, atakutajia soko lote na bei zake."

"Mtihani ni wa watoto wote, lazima uwe sawa kwa wote." Titus akabonyeza kioo. "Hakuna jibu. Sifuri."

Zuena akaweka sufuria ya uji chini. "Kaka, umemuuliza kiziwi kwa mdomo, halafu ukamwandikia sifuri?"

"Mama, usikasirike. Kampuni yetu ina viwango. Tukishachukua shule, watoto wa namna hii watapelekwa mahali panapowafaa."

"Mahali gani?"

"Kuna taasisi."

"Iko wapi?"

Titus akapekua tableti kwa kidole, juu, chini, juu tena. Chombo kile kilijua jinsi ya kumpa mtoto sifuri, lakini hakikujua pa kumpeleka. "Itatafutwa," akasema, akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyefundishwa kutabasamu kwenye semina.

Zuena alimshika Hadijah mkono. Kwamba Titus alikuwa mjinga haikumtisha, maana wajinga alikuwa amewazoea, walimwomba samaki kwa mkopo kila siku. Kilichomtisha ni kwamba mjinga huyu angekabidhiwa ufunguo.

Mkutano uliitishwa Jumamosi. Tangu asubuhi kulikuwa na hema jeupe uwanjani, upande wa kulia, na chini yake sufuria kubwa ya chai ya maziwa na mikate iliyopakwa siagi pande zote mbili. Wazazi walikuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, kama tunavyokwenda matangani. Walimu waliambiwa wakae madarasani na wanafunzi, walioitwa siku hiyo pia, wasitoke, kwa sababu eti wangeshawishi watu. Osundwa, ambaye fulana ya njano ilikuwa imeshamshawishi hadi kwenye mifupa, alisimamia mlango wa darasa la Mwalimu Milcah yeye mwenyewe.

Mezani palikuwa na Titus, mpiga picha wake, na afisa wa elimu aliyetumwa kusimamia foleni. Afisa huyo alikuwa na soseji kwenye sahani na hakuonyesha haraka ya kuachana nayo.

Titus alizungumza kwanza. Alisema kijiji hiki kina bahati. Alisema mtoto wa mkata miwa anaweza kuwa rubani. Alilisema hilo mara kadhaa, akiwatazama wakata miwa kana kwamba wao ndio waliokuwa wamemficha rubani nyumbani. Kisha akasema kwa sauti ya ukarimu, "Wazazi wapendwa, hatuwezi kujadiliana na njaa. Chai kwanza. Pangeni foleni pale hemani."

Watu wakanyanyuka. Nani angekataa? Wengine walikuwa wametoka shambani bila kutia kitu kinywani. Foleni ikajipanga kutoka kwenye hema hadi karibu na meza ya wageni, na Zuena akajikuta yuko mkiani, hatua chache nyuma ya mpiga picha.

Hapo ndipo afisa aliposimama. Akafuta midomo, akafungua karatasi, akaanza kusoma kwa Kiingereza, haraka na kwa sauti ya chini, bila kipaza sauti. Zuena alikuwa amefika kidato cha pili kabla ya kuolewa huku kutoka kwao Matungu. Hakuelewa yote. Alielewa kwamba wanaokubali walikuwa upande wa kulia.

Akatazama kulia. Kulia kulikuwa na chai.

"Piga sasa," Titus alimwambia mpiga picha. "Chukua foleni yote. Afisa, waweza kuhesabu kabla hawajaanza kutawanyika na vikombe."

Zuena alimgusa bega aliyekuwa mbele yake. Alikuwa Kiplagat, dereva wa trekta ya miwa, baba ya Tyson wa darasa lile lile la Hadijah.

"Baba Tyson, toka kwenye foleni."

"Nitoke niende wapi? Mimi nimesimama hapa tangu maziwa yakiwa kwa ng'ombe."

"Wanatuhesabu. Hii foleni ndiyo kura ya kuwapa shule."

"Hii ni foleni ya chai, mama Hadijah."

"Ya kwako ni ya chai. Ya kwao ni ya shule. Sikiliza huyo afisa anasoma nini."

Kiplagat akasikiliza, akakunja uso. Maneno yakapita mbele kwa minong'ono, mgongo kwa mgongo. Mzee mmoja akasema yeye alishapigishwa kura ya mlolongo zamani, wenye foleni fupi wakatangazwa washindi, kwa hiyo hakushangaa. Wengine walikasirika. Lakini hakuna aliyetoka. Sufuria ilikuwa imefunuliwa, na harufu ya tangawizi ilikuwa inatembea uwanjani ikiwashika watu pua mmoja mmoja.

"Ni kweli wametufanya wajinga," mwanamke mmoja akasema mbele. "Lakini nikitoka hapa, nikirudi nitapewa maji ya kuoshea sufuria. Najua nyinyi watu."

"Tunakunywa kwanza, halafu tunakataa," mwingine akashauri.

"Ukishakunywa wameshahesabu."

Zuena mwenyewe alikuwa na njaa. Aliwaza kuhusu Hadijah, aliyekuwa nyuma ya mlango ule unaolindwa na fulana, pengine akimwibia Tyson majibu. Aliwaza kuhusu ile taasisi iliyokuwa bado inatafutwa. Akatazama kikombe chake. Kisha akainama, akakiweka chini, mahali pale pale nyayo zake zilipokuwa.

"Kikombe kitanishikia nafasi," akasema, akatembea kwenda upande wa kushoto, akasimama peke yake juani.

Kila mtu wa huku analijua jambo hilo. Bombani maji yakipungua, hakuna anayesimama siku nzima. Unaacha mtungi kwenye mstari, unakwenda kupalilia, unakwenda kunyonyesha, unakwenda hata kanisani, ukirudi mtungi wako umesogezwa mbele kwa haki na aliyekuwa nyuma yako. Anayeruka mtungi wa mwenzake anasemwa hadi Krismasi, na akifa anasemwa tena matangani.

Kiplagat alikitazama kikombe cha Zuena. "Kumbe," akasema. Akaweka kopo lake mbele ya kile kikombe, akalizungusha kidogo lisianguke, akaenda kushoto.

Halafu aliyekuwa mbele yake. Halafu wanawake wawili pamoja. Baadaye hakukuwa tena na mmoja mmoja. Watu waliinama na kuinuka mstari mzima, vikombe vya bati, vya plastiki, vya udongo vyenye masikio yaliyovunjika, na uwanja ukahama kutoka kulia kwenda kushoto kwa utulivu wa watu wanaokwenda kupokea sakramenti.

Titus alishika kipaza sauti. "Wazazi wapendwa, rudini kwenye foleni, chai inapoa."

"Bado tuko kwenye foleni," Kiplagat alijibu kutoka kushoto. "Langu ni lile kopo la bluu. Usiliruke."

Watu wakacheka, na safari hii hawakuchekea puani.

Titus akamgeukia afisa. "Walikuwa pale. Umewaona. Picha ziko."

Mpiga picha akatazama kamera yake. Kwenye picha za mwisho kulikuwa na mstari mrefu wa vyombo.

"Hesabu vikombe basi," mtu akasema. "Kiulize changu kama kinataka kampuni."

Afisa alimtazama Titus, akautazama umati, akaitazama sahani yake iliyobaki mafuta tu. Mtu wa namna yake huwa hana msimamo bali ana hali ya hewa, na hali ya hewa ilikuwa imebadilika. Akakunja karatasi.

Hata hivyo upande wa kulia haukubaki mtupu kabisa. Osundwa alikuwa amekimbia kutoka mlangoni kuja kusimama hemani, kama mlingoti bila bendera. Na alikuwapo Sylvia, mama wa wasichana wawili, ambaye hakuweka kikombe chini.

"Mimi nataka kweli," Sylvia akasema. "Si kwa sababu ya chai. Choo cha wasichana kimejaa tangu mwaka juzi. Wangu wanajizuia hadi warudi nyumbani. Nyinyi mnacheka na vikombe, lakini shule ikibaki kwenu mtachimba?"

Hakuna aliyecheka. Titus alifurahi, akamwelekezea Sylvia mkono kama mtu anayeonyesha bidhaa. "Mnasikia? Huyu mama anaelewa mabadiliko."

"Kwenye mpango wenu kuna choo?" Zuena akamuuliza.

Kwenye mpango kulikuwa na tableti, fulana, na rubani.

"Nimekuuliza, kaka. Choo."

"Miundombinu itabaki jukumu la jamii," Titus akasema.

Sylvia akageuka akamtazama. Kisha naye akainama, akaweka kikombe chake chini, akaja kushoto akiwa bado amekasirika, na akasimama mbali kidogo na wenzake ili wajue amewakasirikia wao pia.

"Wazazi hawakukubali," afisa akatangaza. Alitangaza kwa Kiswahili safi kabisa, lugha ambayo inaonekana aliijua tangu asubuhi.

Titus aliamuru chai irudishwe kwenye gari. Mama Cheptoo, aliyeipika, alikaa juu ya gogo mbele ya sufuria akatandaza gauni lake. "Maziwa ni yako," akamwambia. "Kuni ni zangu, maji niliteka mimi, na moto niliupuliza na hiki kifua. Chukua maziwa yako uache chai yangu." Titus aliitazama sufuria kana kwamba kweli anatafuta njia. Alikuwa na shahada mbili.

Watu wakarudi kila mmoja kwenye kikombe chake, na hakuna aliyemruka mwenzake. Nyuma ya hema Sylvia alikuwa ameshamshika Kiplagat mkono wa shati, akimwonyesha mahali ambapo ardhi haina mwamba, naye Kiplagat akisema trekta yake haichimbi, na Sylvia akimuuliza kama mikono yake nayo haichimbi.

Zuena hakungoja chai. Alikwenda moja kwa moja darasani. Mwalimu Milcah alikuwa amesimama dirishani, macho yamelowa. Hadijah aliruka kutoka kwenye dawati akauliza kwa mikono yake ya haraka: watu walikuwa wanafanya nini kule nje?

Mwalimu alitaka kujibu, lakini Zuena akamzuia. Mikono ya Zuena ilikuwa mizito, imezoea kisu na mafuta ya moto, na ishara za sheria au kampuni hakuzijua. Akatafuta zile alizokuwa nazo. Wewe. Jumatatu. Hapa.

Hadijah akamnyoosha mama yake kidole kimoja kilichokuwa kimekosea, akamfanya arudie.

Zuena akarudia.