Ulimi wa Brynja

Dadu ya pande ishirini ilibingirika, ikagonga kikombe cha Hedvig, ikatulia. Ishirini. Sixten akanyanyua mikono juu kama aliyefunga goli, na Tuva, aliyeketi mbele yake, akaisoma namba hiyo mara ya pili.

"Kwisha habari," Sixten alisema. "Brynja ameshawishika. Lete ufunguo, mama."

Kila Jumapili mchana walikutana watu wanne kwenye chumba cha chini cha jengo la jumuiya pale mjini Gävle, Uswidi, wakavua viatu mlangoni, wakakaa mezani na soksi zao, wakaanza mchezo wao wa kuigiza hadithi, kila mmoja akawa mtu mwingine. Sixten, ambaye siku za kazi huuza nyumba na angeweza kukuuzia hata hiyo unamolala, alikuwa Orm mfanyabiashara. Tuva alikuwa Brynja, mlinda lango wa ngome walimojificha watu wa vijiji vilivyochomwa moto. Orm alikuwa amepatana na askari walioko nje. Kwa kawaida kila mchezaji huamua mhusika wake aseme nini na afanye nini, lakini penye kushawishi, kutisha au kudanganya, dadu ndiyo hukata shauri. Na sasa dadu ilimtaka Brynja afungue lango, awaachie askari watu wake.

"Ha-ha-hapana," Tuva alisema.

Torkel, kiongozi wa mchezo, mtu mpole mwenye ndevu za kutunza makombo, alijikuna shingo. "Dadu imeshasema, Tuva."

"Brynja ha-hawezi. Huyo si y-yeye."

"Na farasi wangu je?" Sixten akadakia. "Majira ya baridi yaliyopita ulinirushia dadu, Orm akakupa farasi wake mweupe, akabaki anatembea kwa miguu kama mjinga. Nilinung'unika mimi?"

"Ulinung'unika mpaka theluji ikaisha," Hedvig alisema.

Tuva hakucheka, maana suala la farasi lilikuwa kweli tupu. Tangu mwanzo alimimina pointi zake zote za kumjenga mhusika kwenye ufasaha wa Brynja, akaacha upanga na uchawi kwa wengine. Brynja alishawatuliza wafalme na kuwarudisha majambazi makwao, na Tuva hakuwahi kutoa hotuba hata moja. Alirusha dadu, akasoma namba, basi, Brynja akawa amesema yote bila kukwama. Kwa mtu ambaye kuagiza kahawa tu kunamtoa jasho, hiyo ilikuwa raha ambayo hakuipata kwingine popote.

"Kuna mawili," Torkel alisema. "Ama dadu inatufunga sote, ama haimfungi mtu. Ikiwa haimfungi mtu, anayetaka kushawishi ashawishi kwa mdomo wake mwenyewe." Hapo akasikia alichokisema, masikio yakamwiva kwa aibu. "Tunywe kahawa kwanza."

Kahawa ikishamiminwa huko kwao, ugomvi huwekwa kando mpaka vikombe viishe, hata kama mlikuwa mmeshikana mashati. Kwa hiyo walikula maandazi ya mdalasini na kuzungumzia matairi ya kuendeshea kwenye theluji. Hedvig alikuwa amebadilisha yake, Torkel bado. Nje mvua ya barafu iligonga kidirisha. Wote watatu walitazama sahani, dari, popote pasipo Tuva. Hawakuwahi kukitaja kigugumizi chake, hata mara moja, na adabu yao hiyo ilimchosha kuliko matusi.

Mguu wake ulikuwa ukitikisika chini ya meza na hakuweza kuuzuia. Andazi alilichambua vipandevipande asile hata kimoja. Akiikubali dadu, Brynja atafungua lango kwa mikono yake, huku akitabasamu, kisha Jumapili ijayo ataendelea kusema vizuri kama kawaida. Akiikataa, Brynja atabaki na moyo wake, ila atarithi ulimi wa Tuva. Alimwonea Brynja huruma, kisha akajikasirikia kwa huruma hiyo.

Wenzake wakiwa bado wanakunywa, akakisukuma kikombe chake pembeni. Torkel akashtuka.

"B-b-bila dadu," Tuva alisema.

"Una hakika, mpenzi?" Hedvig aliuliza, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

Kama Tuva alikuwa na shaka, sauti hiyo iliimaliza. "Nina ha-hakika."

Sixten akajifuta sukari vidoleni. "Haya. Ufunguo kaa nao. Orm anaokota shoka, anaenda kulivunja lango. Nizuie."

Tuva akafungua kinywa. Neno la kwanza likakwama, akalisubiri, likatoka nusu. Akamwambia Orm kwamba ndani kuna w-w-watu waliomlisha majira yote ya baridi, kwamba askari wakishaingia hawatamlipa, watam-m-m, watamtundika naye. Machozi ya juhudi yakamtoka. Hotuba ikawa ndefu mno. Hedvig akafumbua mdomo ammalizie neno, Sixten akamnyooshea kiganja bila kumtazama.

Alipomaliza, Torkel alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Sijashawishika," Sixten alisema.

"We Sixten," Hedvig akanong'ona.

"Nini? Askari walikula kiapo mbele ya Orm. Kwa nini wamtundike? Hajanijibu hilo."

Damu ilimpanda Tuva usoni. Alitaka kuvaa viatu aondoke. Kisha akaganda, kwa sababu jambo hili lilikuwa geni kwake. Maisha yake yote watu walimkubalia haraka, kazini, nyumbani, dukani, ndiyo Tuva, sawa Tuva, ilimradi anyamaze wapumue. Hakuna aliyewahi kusikiliza mpaka mwisho kisha akambishia.

Sixten alikuwa bado anamtazama usoni, mkono wake umeshika shoka lisilokuwepo, akingoja.

Tuva akavuta kiti mbele. Mguu ulikuwa umetulia.

"Si-si-sijamaliza," alisema.